Siku za Mbalamwezi Nilizoahidi Mara Mbili

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuahidi siku zilezile kwa pande mbili, na kuendelea kuziahidi mwezi baada ya mwezi. Upande mmoja walikuwa wavuvi wa Rumonge, ambao ninawatengenezea taa. Upande wa pili ulikuwa ukoo wa mchumba wangu, kule Magara.

Asiyeishi kando ya ziwa letu huenda asione ugumu uko wapi. Ndagala, samaki wetu wadogo, huvuliwa usiku kwa taa. Taa ikimulika maji, wanakusanyika chini yake, kisha wavu unapandishwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, na ndagala hawana sababu ya kufuata taa ya mtu. Hapo wavuvi wanapumzika. Ndizo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kumaliza ugomvi wa familia na kuozesha watoto. Familia ya wavuvi ikipanga sherehe siku nyingine, nusu ya wanaume watakuja kusinzia.

Siku hizohizo ndizo taa zote zinaletwa kwangu. Zinakuja na maji ndani, na swichi zilizoliwa na kutu, na batri zilizovimba, na kila mwenye taa anataka yake iwe tayari kabla giza halijarudi.

Atelie yangu ni chumba kimoja karibu na soko, chenye meza, dirisha na paneli ya sola juu ya bati. Kazi hii hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kufungua redio ya baba bila ruhusa, nikaendelea kwa kutazama video kwenye simu, nikirudisha sehemu ileile mpaka megabaiti zinaisha. Sina diploma wala cheti cha kutundika ukutani. Nadhani ndiyo maana kila taa iliyowekwa mezani ilikuwa mtihani kwangu. Nikishaifunga, naifungua tena kuangalia waya niliotoka kuulehemu. Inawaka vizuri, mwenyewe amesimama mlangoni anataka kuondoka, nami namwambia angoje kidogo niijaribu tena.

“Mwanangu,” mzee mmoja aliniuliza, “hii taa uko unaitengeneza ao uko unaiposa?”

Watu waliuita uangalifu. Mimi nilijua kuwa ni hofu. Niliogopa kwamba siku moja taa yangu itazimika katikati ya ziwa, na mtu atasema, kumbe yule hakusoma popote. Hofu hiyo ilinijengea jina zuri na ikaniunguza tumbo. Nilikwenda kwenye zahanati, nesi akaniuliza ninapumzika lini.

“Wavuvi wakienda kazini,” nilimjibu.

“Na wakirudi?”

“Wakirudi ndipo kazi inaanza.”

“Na wakiwa kazini unalala?”

“Hapana. Nawaza kama taa zinawaka.”

Alinitazama, akaandika dawa ya tumbo. Nikaimeza huku nikiendelea na kazi.

Mchumba wangu anauza vitenge sokoni Rumonge. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni baba yake mkubwa, mvuvi mwenye mitumbwi yake Magara. Kwao mwanamume hapokelewi kwa salamu za kutumwa. Anakuja mwenyewe, anakaa, anakula, wanamtazama. Tulipanga niende na baba yangu mdogo katika siku za mbalamwezi, maana baba mkubwa na ndugu zake hawana nafasi nyingine.

Mwezi wa kwanza taa zilijaa mpaka chini ya meza. Nikatuma ujumbe kwamba esansi, yaani petroli, hakuna, taxi hazitembei. Waliamini, kwa sababu wiki ile magari yalikuwa yamepanga foleni kwenye pompe tangu alfajiri. Mwezi wa pili taa zilijaa tena, nikatuma ujumbe uleule. Safari hii esansi ilikuwepo. Sikujua hata kwamba ilikuwepo, maana sikuwa nimetoka nje.

Siku mbili tatu baadaye mchumba wangu alikuja kwenye atelie. Hakukaa.

“Baba mukubwa alipita hapa,” alisema.

“Hapa wapi?”

“Hapa mulangoni. Siku ile ile uliyosema taxi hakuna. Alikuja na taxi, kununua kamba za wavu. Amekuona umeinama kwenye meza.”

Nikauliza kwa nini hakunisalimu.

“Anasema ulikuwa na kazi mingi, hakupenda kukusumbua.” Aligeukia mlango, nikasikia aibu yote niliyostahili. “Amesema mbalamwezi inayokuja ni ya mwisho. Usipofika, hatakaa tena kukungojea. Na mimi sitamuomba.”

“Mwambie basi kwamba—”

“Sitamwambia kitu. Mimi siyo simu yako.”

Akaenda zake. Nilibaki na chuma cha kulehemu kikipoa mkononi. Nilimpenda sana mwanamke huyu, na bado, naandika hivi bila kujificha, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kuhesabu ni taa ngapi nitaweza kuzimaliza kabla ya siku hiyo. Hapo ndipo nilipoanza kujiogopa mimi, kuliko kuogopa taa.

Mwezi ule nilijaribu kuwahi. Nilifanya kazi kwa haraka, nikarudia kwa wasiwasi, nikajikuta palepale. Asubuhi ya siku yenyewe, taa zisizoguswa zilikuwa zimejaa pembeni ya ukuta. Baba mdogo alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akanikuta nimeshika bisibisi. Mlangoni alikuwepo kiongozi wa mtumbwi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, na taa yake kwapani.

“Kesho kutwa,” nilimwambia. “Leo ninafunga.”

“Unafunga? Mbalamwezi?” Aligeuka kumtazama baba mdogo kama anayetafuta shahidi. “Sasa weye uko fundi wa namna gani?”

Niliweka bisibisi chini, nikanawa mikono, nikavaa shati, nikafunga mlango kwa kufuli. Hatukufika mbali nikarudi kuufungua, nihakikishe tu kama nimezima chuma cha kulehemu. Kilikuwa kimezimwa. Nikiwa ndani, mkono ukaenda wenyewe kwenye taa ya karibu. Baba mdogo aliingia, akanishika kiwiko, akanitoa nje, akafunga mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni mwa kanzu.

“Huu utauona jioni,” alisema. “Twende.”

Tulipata nafasi kwenye Probox iliyokuwa inapanda Bujumbura kupitia Magara. Njia nzima nilikuwa naona taa zile, si ziwa.

Magara tulipokelewa na shangazi watatu waliokuwa wamesimama mlangoni.

“Amahoro, bakwe!” mkubwa wao alitusalimu kama wakwe, kwa sauti ya majirani wote kusikia. “Leo esansi imepatikana?”

“Imepatikana, shangazi,” nilisema.

“Mungu mukubwa! Ingieni kabla haijaisha.”

Sebuleni baba mkubwa na ndugu zake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, miguu imekunjwa, nyuso za watu walioshiba usingizi. Chakula kilikuwa tayari, wali na samaki, mukeke wa kukaanga. Na katikati, kati ya sahani, kulikuwa na taa ya uvuvi imewashwa. Ilikuwa mchana, jua linaingia mlangoni. Taa ilikuwa inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, kama jicho lenye vumbi.

Nilijua ugonjwa wake kabla sijakaa. Baba mdogo alianza kusema maneno ya kututambulisha, maneno mazuri aliyokuwa ameyaandaa, nami sikusikia hata nusu. Nilikuwa naangalia mwanga unavyocheza kwenye sahani. Mkono wangu uliinuka.

“Anagusa!” shangazi mmoja alipiga kelele. “Mumeona? Anagusa!”

“Hajagusa,” baba mdogo alisema upesi.

“Vidole vyake vishafika!”

Baba mkubwa aliinua kiganja wakanyamaza. Ni mtu mnene, wa sauti ya chini.

“Mwanangu, hii taa iko na shida gani?”

“Waya wa batri umelegea, baba. Ni dakika moja tu.”

“Minajua. Ni miye niliulegeza asubuhi.”

Nyumba ililipuka kwa kicheko, na nyuma ya pazia nikasikia kicheko kimoja ninachokifahamu. Nikajua ni nani aliyemweleza baba mkubwa udhaifu wangu.

“Taa za kutengenezwa ziko mingi Rumonge,” aliendelea. “Hii siyo ya kutengenezwa. Ukikaa na sisi mpaka tumalize kula na hujaigusa, tutaongea. Ukiigusa, utanunulia hawa mashangazi kreti ya fanta, utarudi kwako, na hatutaongea tena.”

Alisema akitabasamu, lakini hakukuwa na mtu pale aliyedhani anatania katika sehemu ile ya mwisho.

Nilikalia mkono wa kushoto na kula kwa wa kulia. Najua inachekesha, na walicheka. Lakini mimi jasho lilinitoka kweli. Kila mara taa ilipofifia, nilishtuka kama vile nimeitwa jina mbele ya darasa. Shangazi mmoja aliisogeza karibu na sahani yangu. “Mupatie mwanga, asikule miiba,” alisema. Nikamshukuru, murakoze, nikaendelea kutafuna. Baada ya muda wazee walianza kubishana kuhusu wavu uliochanika, nani aliuacha majini, na walipandisha sauti. Kisha taa ilizimika kabisa.

Hakuna aliyeinua kichwa. Ubishi uliendelea. Mtu aliomba pilipili, akapewa. Nilisubiri, sijui nilisubiri nini, labda mtu anigeukie aseme, unaona? Hakuna aliyenigeukia. Nilijikuta nimemaliza sahani na ninaongezewa, na kilikuwa chakula cha kwanza nilichokula kikiwa cha moto tangu taa za mwezi ule zianze kuletwa.

Sahani zilipoondolewa baba mkubwa alinitazama.

“Sasa sema. Utamutunza namna gani mutoto wetu?”

Nilianza. Nilisema nitajenga, nitapanua atelie, nitakuwa nyumbani kila jioni, sitamkosesha kitu—

“Ngoja.” Aliinua tena kile kiganja. “Weye unaahidi sana. Kila mutu Rumonge umemuahidi. Hapa ahidi kitu kimoja tu, kile utaweza.”

Nilifikiri.

“Mbalamwezi ikikolea,” nilisema, “atelie itafungwa siku tatu.”

“Hata taa zikijaa?”

“Hata zikijaa, baba.”

Aliwatazama ndugu zake. Mmoja alitikisa kichwa kukubali, wa pili akafanya hivyo hivyo, na shangazi mkubwa akapiga kigelegele kabla baba mkubwa hajafungua mdomo. Mzee alimkemea kidogo, akacheka, akampa baba mdogo mkono.

Jioni nilirudi Rumonge kama mchumba aliyekubaliwa, na kesho kutwa ilipofika yule kiongozi wa mtumbwi hakuja. Alikuwa amempelekea taa yake fundi wa bandarini, mtu niliyekuwa nikimdharau kwa sababu lehemu yake ina mabonge. Taa ile iliwaka. Giza liliporudi ilikwenda ziwani, ikarudi, na hakuna aliyezama. Iliniuma kuliko ninavyotaka kukubali. Mteja yule hajarudi kwangu mpaka leo, na tukikutana sokoni ananisalimu vizuri.

Tulioana mbalamwezi iliyofuata. Tangu hapo mwezi ukiwa mpevu atelie inafungwa siku tatu, na wavuvi wanajua. Mwanzoni walilalamika, sasa wengi wanaleta taa mapema, mwezi ukiwa bado nusu. Ninapokea zile ninazoweza, nyingine nawaelekeza kwa fundi wa bandarini, ambaye sasa tunaazimana vipuri. Kila taa naijaribu mara moja, naifunga, naitoa mezani. Kuna siku vidole bado vinataka kuifungua tena, na siku chache ninashindwa. Tumbo linaungua mara mojamoja. Wateja wangu wamepungua, kazi yangu ni nzuri kama zamani, na saa ya chakula cha mchana niko nyumbani na mke wangu.