Kikopo Kilichokuwa Baridi

Saa moja asubuhi, vikopo vya mkojo vimeshajipanga kwenye meza ya maabara ya kituo cha afya. Mama Vikopo, kama wenzake wanavyomtania, anakigusa kimoja kwa nje, anachovya kijiti cha kupimia, anasubiri rangi. Kiuno kinamuuma na hajatia kitu mdomoni.

"Kazi hii inanuka, lakini haidanganyi," anasema. Kisha anajicheka. "Nilidhani hivyo."

Kijiti kikigeuka zambarau, kuna ketoni nyingi. Mwili uliokosa insulini hushindwa kutumia sukari, huanza kuchoma mafuta, na ketoni zinazotokana nayo hujaa kwenye damu. Figo huzitoa kwa mkojo, na maji mengi huondoka nazo.

"Figo zinafagia," anaeleza. "Lakini taka zikizidi, hata mfagiaji anaelemewa."

Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, ana kisukari. Kila asubuhi aliacha kikopo dirishani bafuni, mama akakipima mbiombio kabla ya kutoka. Majibu yalikuwa safi, ingawa mtoto alikonda na kumaliza jagi zima la maji. Mganga hajigangi. Mama alimshukuru Mungu, akaenda kupima watoto wa wenzake.

Siku moja wakakutana mlangoni mwa bafu, akakipokea kikopo mkononi. Kilikuwa baridi.

"Mkojo hutoka na joto la mwili," anasema, macho yake sakafuni. "Mwanangu alikuwa ananipa maji ya bomba, mkojo kidogo tu wa kutia rangi."

Hakufoka. Aliuliza tu, "Sindano umeacha lini?"

"Mama, nimechoka kuchomwa. Nilitaka nikae kidogo kama wenzangu."

"Hata mimi nimechoka, mwanangu. Hebu nipe mkojo wako wa kweli."

Kijiti kiliiva zambarau kabla hajamaliza kukitikisa. Mchana huo binti alikuwa amelazwa, dripu mkononi, akipumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima. Alinusurika. Madaktari walisema wangechelewa kumleta kidogo tu, angepoteza fahamu.

Tangu hapo Mama Vikopo hapimi kitu kabla ya kukigusa, kiwe cha nani. Wenzake hucheka, naye huwaacha wacheke.

Akiulizwa anamtakia nini bintiye, hataji udaktari wala uhandisi.

"Nataka asubuhi moja aniletee kikopo mwenyewe, bila kuombwa. Basi."

Na leo?

Anavua glavu, anasugua macho kwa kiwiko.

"Leo nimeomba mpaka koo likakauka, akanuna, akabamiza mlango," anasema. "Lakini kikopo kilikuwa na joto."