Ngoma Iliyomzika Malkia Akiwa Anacheka

Ukungu bado umetanda mjini Oyo, Nigeria, na Ayandokun Alao amesimama uani, ngoma ameikumbatia kama mtoto asiyetaka kulala. Anazibana kamba zake za ngozi kwa kwapa, anagonga, anasikiliza. Sauti inapanda, inajikunja, kisha inazama taratibu.

Ng'ambo ya ukuta, jirani anayefagia anajibu, "Nimeamka salama, Baba."

Ngoma ilikuwa imemjulia hali.

Maneno ya Kiyoruba hutofautiana kwa sauti kupanda na kushuka, na ngoma hii huziiga sauti hizo. Hivyo ndivyo Ayandokun anavyosema na watu tangu utotoni, kama walivyosema baba na babu yake, wote wa ukoo wa Ayan, wapiga ngoma. Amepiga kwenye harusi, kwenye sherehe za kuwapa watoto majina, kwenye kutawazwa kwa machifu. Mwaka jana alipigia runinga kwa mara ya kwanza, na runinga ndiyo iliyomtia matatani.

Tamthilia yenyewe inatokana na riwaya inayopendwa sana Nigeria, inayomhusu Omirinde, malkia wa mji ulio chini ya mto. Kitabuni, malkia hafi. Watengenezaji waliamua afe, wakaifanya siri.

Walimwonyesha Ayandokun picha za mazishi: mwili ukishuka majini, samaki wakiufuata wakiwaka kama taa. Wakamwomba apige lolote la huzuni.

"Hakuna lolote la huzuni," anasema. "Kuna huzuni ya fulani. Nikamtazama yule mama anavyozama, utadhani kasinzia tu. Nikamuaga."

Alipiga maneno ambayo Wayoruba huwaambia wafu tu: hatuonani tena, ila ndotoni.

Mhariri wa picha, asiyejua Kiyoruba, aliipenda sauti ile. Akaitia kwenye kionjo cha tamthilia, kipande kifupi cha kuitangaza, chini ya uso wa malkia akicheka.

Kionjo kilipotoka, wapenzi wa kitabu walianza kwa kusifu mavazi na rangi ya maji. Kisha Wayoruba wakafungua simu zao. "Mbona mnamzika mtu anayecheka?" mmoja akaandika. Haikufika jioni siri ikawa ya kila mtu. Wengine walimlilia malkia, wengine waliwatukana watengenezaji, na wengi walimlaani mpiga ngoma.

Titilope, fundi cherehani wa mtaa huo, aliyekisoma kitabu mpaka jalada likang'oka, alimjia uani macho yamevimba.

"Baba, umeniulia malkia hata bando sijanunua."

"Sikuua mimi. Nimezika tu."

"Si ungepiga polepole, nisisikie?"

Morenike, mkewe Ayandokun, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwekea msichana akara za moto, zile bajia za kunde, na kumwambia msiba wa runinga haumkatazi mtu kula.

Lakini simu ya Lagos haikuwa na kicheko. Mwongozaji, Ebiere Tonye, alimtaka aombe radhi mbele ya kamera na kusema kwamba ngoma yake haikutamka neno, ulikuwa mdundo tu. Akikubali, kazi ya msimu wa pili ni yake. Akikataa, atatafutwa mwingine.

"Ni sentensi moja," Tonye aliliambia gazeti hili kwa upole. "Watu watatulia."

Malipo ya msimu wa kwanza yaliezeka nusu ya banda ambamo Ayandokun hufundisha ngoma watoto wa mtaa. Ya pili yangemalizia. Morenike hakumsihi mumewe. Alimwambia tu kwamba mvua inakaribia.

Wakati huohuo, mtandaoni, maoni yalianza kubadilika. Mwanamke wa Ilorin aliandika kwamba amemwota Omirinde akipita dukani kwake kununua chumvi, nywele zikichuruzika maji. Mwingine alimwota akivuka barabara bila viatu, na magari yote yakanyamaza. Titilope naye aliota malkia amekuja kupimwa gauni. Alipoamka, anasema, utepe wa kupimia ulikuwa na unyevu, na hataki kubishana na mtu.

Tonye alipiga tena juzi, mwandishi akiwapo. Ayandokun aliiweka simu juu ya kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "kesho watoto wanakuja. Wakilowa, watalowa, nitawafundisha hivyohivyo mpaka banda likamilike. Siwezi kuwaambia wao kwamba ngoma inasema, halafu niuambie ulimwengu kwamba haisemi. Yule mama nilimuaga vizuri. Radhi siombi."