Isale Chini ya Kiti cha Skuta

Nilifungua kiti cha skuta nitoe glovu zangu za kazi. Juu ya glovu nikakuta jani la isale, limepigwa fundo.

Lilikuwa bichi. Pale lilipokatwa palikuwa bado na unyevu.

Kama wewe si mtu wa mlimani kwetu Moshi, nikueleze haraka. Isale ni lile jani refu tunalopanda mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Ukimkosea mtu, unakata isale, unalipiga fundo, unampelekea. Umemwomba msamaha. Na akishalipokea, hana ruhusa ya kukataa.

Sasa nani alikuwa ananiomba msamaha? Wa nini? Sikuwa nimegombana na mtu yeyote.

Na hapo nilikuwa Kilema, juu mlimani, zizini kwa watu, gambuti mguuni, ng'ombe ananisubiri.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mwaka ulikuwa 2002. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, nina stashahada ya chuo. Serikali ilitupunguza kazini miaka minne kabla ya hapo. Pikipiki ya ofisi ikarudi ofisini, mimi nikarudi nyumbani kwangu Soweto, pale Moshi mjini. Mume wangu Primus alikuwa ameshafariki. Tulibaki wawili, mimi na binti yangu Hilda, miaka tisa.

Sikukaa kulia. Nilianza kazi binafsi ya kupandisha ng'ombe kwa mrija. Unabeba mbegu kwenye mtungi wa baridi, unakwenda kwa mfugaji, unamaliza, unaondoka.

Shida ni muda. Ng'ombe akionyesha joto asubuhi, jioni uwe umefika. Ukichelewa umekosa, mpaka wiki tatu zipite, na mwenye ng'ombe ameshamwita mwingine.

Mimi nilikuwa nachelewa. Mwezi ule mmoja wafugaji watatu walinihama. Wakiondoka wengine wawili tu, nafunga kazi, na Hilda anatoka shule.

Ndipo shemeji Wenseslaus, kaka yake Primus, akaniita kwake. Naye anakaa Soweto, nyumba ya nne kutoka kwangu.

"Shemeji, njoo uone mashine."

Uani palikuwa na skuta. Si vile viskuta vya masista. Hii ilikuwa kubwa, ya Kijapani, cc 250, kioo mbele, kiti kipana kama kochi. Aliipata kwa mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao.

"Haina gia, haina klachi," akasema. "Unakaa, unavuta mafuta, unaondoka. Na unavaa sketi yako vizuri tu."

"Mlima inapanda?"

"Jaribu mwenyewe. Chukua wiki nzima. Jumamosi jioni unipe jibu, maana kuna mtu wa Arusha anaitaka."

Kwangu hapakuwa na geti, kwa hiyo tulikubaliana skuta ilale kwake. Kila asubuhi naifuata, kila jioni nairudisha.

Jumatatu nikaingia nayo mjini. Pale stendi vijana wakanishangilia.

"Mama! Hiyo sofa inauzwa na meza yake?"

"Inauzwa na mama mkwe wako!" nikawajibu, nikapita.

Ukweli niuseme: kwa mjini sikuwahi kuendesha kitu kitamu vile. Kwenye foleni ya sokoni huhangaiki na klachi. Breki zote mbili ziko mkononi. Chini ya kiti kuna sanduku linalomeza helmeti, gambuti na mfuko wa dawa.

Kasoro ya kwanza niliiona siku ile ile. Katikati, pale pa kuwekea miguu, pana nundu. Mtungi wa mbegu hausimami. Ikabidi niufunge nyuma kwa mipira.

Jumanne nikashuka Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Huko iliniaibisha. Tairi ndogo, tumbo liko chini, na ni nzito kama mtamba mwenye mimba. Ilikwama kwenye tuta. Wanaume wawili wakaivuta huku wanacheka mpaka wanakaa chini.

"Mama daktari, siku nyingine uje na kitanda kabisa!"

Jumatano nikapumzika. Alhamisi nikaenda nayo Arusha na kurudi, kuchukua mbegu. Hapo ilinirudishia heshima. Upepo wa Boma Ng'ombe mnaujua. Kwenye pikipiki ya kawaida unafika shingo imekakamaa, macho yamejaa vumbi. Mimi nyuma ya kioo nilikuwa naimba mapambio. Mgongo haukuuma. Mafuta ilikula ya kawaida.

Ila narudi jioni, nikahisi breki zote mbili zimelegea. Nabana, zinakuja mbali kabla ya kushika.

Nikamwambia shemeji.

"Shemeji, breki zinavuja mahali."

"Kitu kidogo hicho. Kesho usiichukue, nitaishughulikia."

Jumamosi asubuhi nikaifuata. Nikabana breki zote mbili. Ngumu! Kama mpya kabisa.

"Umetisha, shemeji," nikamwambia. Akacheka, akaingia ndani kuvaa.

Mkewe, Yuditha, alikuwa anafagia uani. Yuditha ni mtu mpole, maneno yake unayahesabu. Akaniuliza leo naelekea wapi.

"Kilema. Mzee Kornel ana ng'ombe kwenye joto. Nikimaliza nampitia Hilda kwa bibi yake, tunashuka wote. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

Ufagio ukasimama.

"Na hiyo skuta?"

"Sasa nitapanda na nini, dada Yuditha? Ungo?"

"Mama Hilda, kaa kwanza unywe chai."

"Nimeshakunywa."

"Basi leo panda gari. Skuta utapanda siku nyingine."

"Leo ndiyo siku ya mwisho ya kujaribu. Jioni natoa jibu."

"Basi mtoto abaki. Kesho Wenseslaus atamfuata na gari."

Nikamtazama. Nikasema moyoni, huyu naye leo kaamkia upande gani? Nikaingia kwake kuomba kitambaa cha kufutia kioo. Nilipotoka alikuwa amesimama karibu na skuta, mikono nyuma.

Mimi nikawasha, nikaondoka. Nina haraka.

Kupanda mlima, skuta ilinishangaza. Ilinguruma, ikapunguza mwendo, lakini haikuchoka. Mtungi nyuma, mimi juu, na mwili wangu mnaujua si wa mwanamitindo. Nilifika kwa Mzee Kornel saa nne. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilifika kabla sijaulizwa niko wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama daktari. Leo umekuja na ndege!"

Hapo ndipo nilipofungua kiti, nikakuta lile jani.

Mzee Kornel akaliona. Akavua kofia.

"Nani amekukosea?"

"Sijui, mzee."

"Hujui?" Akasogea. "Mimi ng'ombe wangu nitamshika mpaka jioni kama lazima. Wewe rudi ukaulize kwanza."

"Mzee, nimetoka Moshi mpaka huku, nirudi kwa sababu ya jani? Tumfanye ng'ombe."

Akatikisa kichwa. Mimi nikalitia lile jani mfukoni mwa koti, nikavaa glovu, nikafanya kazi yangu.

Saa sita nilikuwa nimempitia Hilda. Bibi yake akatufungia ndizi na maziwa. Helmeti ilikuwa moja tu, nikamvalisha Hilda. Ilimzidi, nikajaza kanga ndani mpaka ikakaza.

"Mama, naonekana kama chungu," akasema.

"Chungu kinachokwenda shule. Nishike kiuno."

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mlimani kwetu kushuka na injini imewashwa ni kama kuchoma petroli kwa makusudi. Kila mtu anazima. Mimi nilizima pikipiki ya ofisi miaka minane kwenye mteremko ule ule.

Nikazima.

Skuta ikateleza kimya, tamu. Kona ya kwanza nikabana breki, ikashika. Ya pili, ikashika. Nikabana tena, tena, tena. Barabara ya vumbi, mteremko mrefu kuelekea Himo, Hilda nyuma anaimba wimbo wa shule.

Kama kona ya sita, nikabana, mkono wa breki ukaja mpaka kwenye mpini. Haukushika kitu.

Nikabana wa pili. Huo nao, mpaka kwenye mpini.

Nikabonyeza kuwasha injini. Kimya. Nikateremsha miguu, kiatu kimoja kikabaki barabarani.

"Mama, mbona tunakimbia?"

Mbele palikuwa na kona na korongo chini yake. Kushoto palikuwa na kihamba cha watu.

Nikachagua migomba.

Tulipita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Migomba imejaa maji, ndiyo maana naandika haya leo. Wa nne ulitusimamisha. Mimi nikaanguka kwenye samadi. Hilda akapita juu yangu.

Alipolia, nikamshukuru Mungu kwa ile sauti. Kisha nikauona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Hospitali walimfunga plasta. Kichwa kilikuwa salama, helmeti na kanga. Mkono ulipona, lakini mpaka leo haunyooki wote.

Jumatatu skuta ikateremshwa kwa gari, nikamtafuta Filemon, fundi wa pikipiki wa Soweto. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Akanusa. Akachovya kidole, akasugua. Povu.

"Mama Hilda, hizi breki umezifulia nguo?"

"Unasema nini?"

"Maji ya sabuni. Yalivuja mafuta, mtu akajaza maji ya sabuni. Mjini hutajua. Ila mteremko mrefu, breki zikipata moto, maji yanachemka, yanakuwa mvuke. Unabana mvuke."

Kisha akaniuliza, taratibu, "Na injini ilikuwa imewashwa?"

"Nilizima."

Akapumua. "Pikipiki ya gia ukizima, gia inakushikilia. Hii inavutwa na mkanda. Ukizima, huna kitu zaidi ya breki."

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Aliyetia sabuni, na mimi niliyezima.

Nikaenda kwa shemeji moja kwa moja. Nilimkuta mezani.

"Ulitia sabuni kwenye breki?"

Akaweka kijiko chini. "Mafuta yake hayakuwepo dukani. Ilikuwa ya kusukuma siku moja tu, shemeji. Nilijua unazunguka mjini. Na wewe ulizima injini, nimeambiwa!"

"Nilizima. Hilo langu. Na sabuni?"

Akaanza kufuta meza kwa kiganja.

"Ulijua," nikasema. "Ulijua kabisa, ndiyo maana ukaniwekea na hili."

Nikalitoa lile isale mfukoni, nikalitupa juu ya meza. Lilikuwa limeanza kukauka.

Wenseslaus akalitazama kama nyoka.

"Hili nini? Mimi sijakata isale lolote."

Na nilimwona. Hakuwa anadanganya.

Mlangoni pa jiko sauti ikasema, "Ni langu."

Yuditha alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Nilimwona Ijumaa akitia. Nikamwambia utamuua mtu. Akanikataza kusema, eti nitamharibia biashara." Machozi yalimshuka lakini sauti haikutetemeka. "Alinikataza kusema. Hakunikataza kukata jani. Ulipoingia kuchukua kitambaa, nikalikata pale kwenye ua wetu. Nilijua ukiliona utarudi kuuliza. Mama Hilda, nani anakuta isale bichi asirudi kuuliza?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

Maana nililiona. Na niliambiwa, na mzee wa watu aliyevua kofia. Nikalitia mfukoni.

Niwe mkweli, nilimkasirikia Yuditha kuliko mumewe. Jani badala ya maneno matatu! Angesema tu "breki ni sabuni," mkono wa Hilda ungenyooka leo. Lakini kila nikimkasirikia, nakumbuka chai niliyoikataa, na gari nililolikataa, na "mtoto abaki" niliyoikataa. Mwanamke yule alinizuia mara tatu kwa namna aliyoweza.

Wiki iliyofuata Wenseslaus alikuja na isale lake, mbele ya ukoo, na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikalipokea. Ndivyo ilivyo, unapokea.

"Nimesamehe," nikamwambia. "Na jibu langu la Jumamosi ni hili. Skuta nachukua. Wewe utaitengeneza breki, Filemon akiangalia, halafu utaishusha mwenyewe kutoka Kilema mpaka Himo. Ukifika, ni yangu."

Aliishusha. Injini imewashwa, jasho likimtoka kama mtu wa homa.

Niliiendesha miaka saba. Mjini na Arusha, nzuri. Mabogini, usijaribu. Mlima, inapanda na inashuka, ukiwa na akili. Hakuna mfugaji aliyenihama tena.

Hilda sasa ni mtu mzima. Akinipa chai kwa mkono ule wa kushoto, kiwiko kinabaki kimepinda, nami natazama pembeni.

Siku hizi sizimi injini mteremkoni. Na mtu akiniomba radhi kwa jambo nisilolijua, hata kama nina haraka ya namna gani, nasimama hapo hapo, nashusha miguu chini, namwuliza: umefanya nini?