Mkono wa Mutua kwenye Gobore

Mafuta ya mkia wa kondoo yakiyeyushwa pamoja na nta ya nyuki hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayong'ang'ania nguo hata baada ya kufuliwa. Harufu hiyo ndiyo iliyotuambia kwamba mvua za Novemba zinakaribia Kyuso, hata kabla hatujaona wingu la kwanza. Susu, mama yake baba, alikuwa akiandaa dawa ya gobore la marehemu babu. Serikali ya wazungu ilikuwa imeling'oa nyundo zamani, kwa hiyo lisingeweza kuua hata panya. Lakini mtutu wake ulikuwa chuma kitupu, cheupe, kisichopakwa rangi yoyote, na chuma cha namna hiyo hakina subira na unyevu. Susu hakulifunga kwa ngozi, maana ngozi hunywa maji. Hakulitundika jikoni pia, maana moshi nao hula chuma. Lilikaa chumbani kwake, juu ya vigingi viwili, likisubiri kupakwa.

Si kila mtu aliruhusiwa kuligusa. Susu aliamini kwamba kuna mikono inayokula chuma, na nimekuja kuona hakukosea. Kila mjukuu alipopata akili alipewa panga lililosuguliwa kwa majivu alishike, kisha panga likalazwa chini ya ghala. Kesho yake zikionekana alama nyekundu za vidole, basi gobore utalitazama kwa macho tu. Binamu zangu walishindwa mmoja baada ya mwingine, wakaninunia. Mimi, msichana mwoga niliyekimbia hata jogoo, nikakabidhiwa kitambaa. Mkono mbaya kuliko yote, Susu alituambia, ulikuwa wa Mutua, kitinda mimba wake. Kiganja chake kilitoa jasho hata kwenye baridi ya Julai, na kidole chake cha mwisho kilikatwa na shoka akiwa mtoto. Alikwenda Makindu kutafuta kazi nilipokuwa bado nabebwa mgongoni, na tangu hapo hatukusikia habari zake. Gobore lilikuwa urithi wake, na Susu alikuwa anamtunzia.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya kwanza, nilienda na kitambaa changu. Mlango wa Susu ulikuwa na komeo kwa ndani, akanifungulia mwenyewe. Kwenye mtutu nilioupaka mafuta jana yake palikuwa na mkono. Kiganja, dole gumba na vidole vitatu vya kutu, rangi ya udongo wa kichuguu, vimeuzunguka mtutu pale mtu anaposhika akitaka kulishusha. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagonga mlango. Susu alisogea, akanusa kile chuma, kisha akakaa sakafuni polepole.

"Amekuja," alisema. "Ona, mwana wakwa, mwanangu amekuja."

Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, aliitwa kutoka shamba la ndengu. Alitazama mara moja tu, akageuka.

"Mama, huo ni unyevu. Huyu mtoto aliruka mahali na kitambaa. Wafu hawarudi."

"Nani amekuambia amekufa?"

Baba aliinama, akaanza kujifuta udongo wa shamba mikononi. Hapo nilielewa kwamba miaka yote hiyo alikuwa amekwisha kumzika ndugu yake moyoni bila kumwambia mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mchana alileta msasa, kwa kuwa kutu isiposuguliwa mapema huchimba. Susu akasimama mbele ya vigingi. "Ukisugua huo mkono," alisema, "utakuwa umemfukuza kwao." Hakuna aliyeusugua. Nilipaka mafuta kila mahali nikiruka pale tu, na macho yangu nikiyaelekeza ukutani. Tangu siku hiyo Susu hakutia tena komeo mlangoni, na bakuli moja la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, lilibaki limefunikwa mezani kila jioni. Mimi niliogopa kulisogelea.

Susu alikufa na Mutua hakuonekana. Baada ya mazishi baba alichukua gobore na msasa, akaketi nje mchana kutwa. Tulijua ndiyo mwisho wa ule mkono. Aliporudi ndani macho yalikuwa yamemvimba. Mtutu uling'aa kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale. Alilirudisha kwenye vigingi.

Siku hizi mtu akipotea picha yake huzunguka kwenye simu kabla ya jua kutua, na mafuta ya kuzuia kutu yanauzwa dukani kwa kopo. Gobore liko kwangu, hapa mjini Wote. Wanangu waliosoma sayansi wananiambia kutu ni maji na hewa tu, niisugue iishe. Lakini mvua ikikaribia, mtutu mzima hukaa mkavu chini ya mafuta, na pale penye mkono tu hutoa jasho. Nikiona hivyo, mimi mtu mzima na akili zangu, huinuka nikaondoa komeo mlangoni.