Kopo Lililopumua Kabatini

Siku ya tatu baada ya mimi kulitoa kwenye friji, kopo lilianza kupumua. Sitii chumvi. Nilikuwa peke yangu sebuleni, shangazi yuko kazini, nikipiga pasi shati la mahojiano ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniitia, nikasikia pumzi ndogo ikitoka kwenye kabati la vioo. Tss. Kisha kimya. Nikahesabu hadi mia mbili na kumi. Tss.

Lilikuwa kopo la karatasi ngumu, lenye vifuniko vya bati juu na chini. Lilikuja kutoka Amerika ndani ya mkoba wa mama mmoja wa kanisani kwetu. Aliyelituma ni binti wa shangazi, ambaye alikuwa ameondoka mtaani kwetu Donholm miaka miwili nyuma, na ambaye kwa miezi mitano hatukuwa tumepata hata mstari wake mmoja. Pamoja na kopo kulikuwa na mfuko wa sukari iliyochanganywa na mdalasini, na kikaratasi: Mama, usilifungue bado. Jumamosi saa 8 nitapiga simu ofisini kwenu nikuelekeze, tupike pamoja. Ukinikosa, nitapiga Jumamosi inayofuata.

Nyumbani hatukuwa na simu. Shangazi alikuwa karani wa shule moja ndogo ya msingi, mwendo wa dakika chache kutoka kwetu, na funguo za ofisi zilikaa naye. Simu ya huko ilikuwa na kufuli kwenye duara la nambari. Ilikuwa simu ya kupigiwa tu. Jumamosi ya kwanza, saa nane mchana, tuliketi mbele yake kama watu wanaosubiri daktari. Haikulia. Jumamosi ya pili haikulia. Jumatatu yake nilimsikia shangazi akifungua friji kuchukua maziwa na kuliambia kopo, "Umeamkaje?" Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka lioze. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kazi haijapatikana, kwa hivyo muda wa kufikiria ulikuwa tele. Kila friji ilipofunguliwa, taa iliwaka na kopo lilikuwa limelala chali, baridi, nami nikakumbuka mahali pengine ambapo watu hulazwa hivyo. Nikasoma tena neno kubwa lililoandikwa ubavuni. Biskuti. Nani huweka biskuti kwenye friji? Zitapata unyevu. Yalikuwepo maandishi madogo yaliyosema liwekwe kwenye baridi, na niliyasoma, lakini nikajiambia hao ni watu wa kuweka hata nyanya kwenye friji. Nikalitoa, nikaliweka kabatini kando ya picha ya binti mwenyewe akiwa na sare ya sekondari.

"Hapo ni pazuri," shangazi akasema jioni. "Anaona mtu wake."

Baada ya kusikia zile pumzi sikuthubutu kumwambia. Nililigusa mara moja. Lilikuwa limekaza, na lina joto kidogo.

Jumamosi ya tatu tulirudi kutoka ofisini saa kumi na moja jioni, bila simu. Shangazi alivua viatu akabaki amevishika mkononi.

"Labda amehama," nikasema. "Au labda ni laini za—"

"Labda, labda. Huko chuoni walikufundisha labda peke yake?"

Hapo ndipo lilipopasuka. Paa! Mlango wa kabati ulifunguka wenyewe na picha ikaanguka kifudifudi. Kopo lilikuwa limeachana kwenye mshono wake, ule unaolizunguka kama nyoka, na katika ufa kitu cheupe, kizito, kilikuwa kikitokeza polepole, kikivimba, kama kinachotafuta njia.

Shangazi hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Amekufa."

Bibi yetu kule Machakos alizoea kusema kwamba kibuyu kikipasuka bila kuguswa, mtu wa nyumba hiyo amelala njiani. Nilikuwa nikiicheka habari hiyo tangu utotoni. Lakini sasa shangazi alijifunga leso kiunoni akaanza kusukuma viti ukutani, kimoja kimoja, halafu meza, na kila aliyekulia kwetu anajua maana yake. Sebule hufunguliwa hivyo kwa ajili ya waombolezaji.

"Nenda uwaite akina mama wa kanisa."

"Shangazi, ni mimi. Nililitoa kwenye baridi. Ndani kuna hamira, imeumuka, ikakosa nafasi."

"Hamira? Kwani ni unga?"

"Ni unga."

"Si ulisema ni biskuti?"

"Kumbe biskuti zao ni mikate midogo. Wameiuza ikiwa bado unga mbichi."

"Kama ni unga, utaiva. Upike. Unga ukikataa kuiva, utaenda kuwaita akina mama."

Nilibandika mafuta jikoni, kwani ile sukari ya mdalasini ilinifanya nikisie ni kitu cha kukaanga. Unga ulikuwa umekatwa tayari vipande vya duara vilivyobandana. Nikavibandua, nikatoboa kila kimoja katikati kwa kizibo cha soda, nikavitia kwenye mafuta ya moto. Vilizama, vikapotea, nikaacha kupumua. Kisha vikaibuka vimefura na kugeuka rangi ya dhahabu. Kimoja kilitoa pumzi kikigeuka: tss. Niliviviringisha kwenye ile sukari vikiwa bado moto, na mdalasini ukaenea sebule tupu nzima kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Vimeiva," nikasema.

Shangazi alivitazama, hakuvigusa. "Chakula cha ishara hakiliwi na mwenye nyumba. Mpelekee askari wa shule. Na ingawa vimeiva, moyo wangu umekataa: ukitoka huko, pitia kwa akina mama."

Giza lilikuwa limeingia. Askari, mzee wa pale getini, alifunua sahani, akanusa, akala viwili.

"Mandazi ya wazungu haya," akasema. "Sasa kaa hapa na mimi mpaka saa mbili ipite."

"Kwa nini, mzee?"

"Ofisi ya shangazi yako iko na shetani. Jumamosi mbili sasa. Mlango umefungwa, taa zimezimwa, na simu inalia huko ndani. Inalia, inanyamaza, inalia tena. Mimi nasimama hapa nikiomba."

"Saa ngapi?"

"Si nimekwambia? Saa mbili kamili. Redio ikianza habari."

Saa mbili usiku. Mtu aliyekaa miaka miwili na watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane na tena kuanzia adhuhuri, akiandika 8, anaandika 8 yao, na 8 yao ya jioni ni saa mbili yetu. Nilikuwa nimefikiria ndege, ugonjwa, ajali, laini zilizokatika. Tarakimu ile moja sikuifikiria.

Nilikimbia. Shangazi alikuwa ameketi sakafuni, katikati ya chumba, picha mapajani.

"Beba funguo," nikasema. "Twende. Usiniulize."

Tulifungua ofisi, tukasimama mbele ya simu na kufuli lake. Kutoka getini redio ikaanza habari. Simu ilikaa kimya. Nikafikiria kwamba isipolia nitakuwa nimemuua binti yake mara ya pili, jioni moja.

Ikalia.

Shangazi alirudisha mkono nyuma. "Shika wewe. Wewe ndiye msomi."

Nikaishika kwa vidole vyenye sukari. Hakukuwa na sauti. Kulikuwa na pumzi, mbali sana, kisha kimya, kisha pumzi tena, na niliitambua. Nikaanza kuhesabu. Sikufika kumi.

"Mama? Mmelifungua?"

Nikampa shangazi. Aliishika kwa mikono miwili.

"Lilijifungua," akasema. "Lilijifungua lenyewe, mwanangu."