Upasuaji wa Plastiki, Bure

Kosa langu la mwanzo lilikuwa na maneno manne, na halikuwa na herufi hata moja iliyokosewa: UPASUAJI WA PLASTIKI BURE. Niliyapanga mimi juu ya tangazo, kwa herufi nene, yakaenea mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Nilikuwa nimeyapima kwa rula.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la steshenari karibu na soko, hapa Sumbawanga. Kidato cha nne nilikimaliza bila matokeo ya kuonyesha mtu, na kila nilichokijua baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe: kuchapa, kupanga kurasa, Kiingereza cha kamusi kuukuu na cha video za kwenye simu. Aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu kwamba siku moja atagundulika. Ndiyo maana barua ya mtu ya kuomba kazi niliweza kuichapa upya mara tano kwa sababu tu nafasi kati ya mistari haikunipendeza. Wateja walinisifu kwa hilo. Mwenye duka alinivumilia.

Siku moja akaingia mwanamke aliyevaa sweta jipya, lebo yake bado inaning'inia mgongoni. Alikuwa mgeni, baridi ilikuwa imemshtukiza. Alikuwa daktari, na pia katibu wa chama cha madaktari wanaorekebisha makovu ya moto, midomo iliyozaliwa imepasuka na viungo vilivyojikunja. Chama chao hakina hospitali. Kina madaktari wachache waliotawanyika kwenye hospitali za miji mikubwa, ambao mara moja moja huomba ruhusa kazini, wakakusanyika na kwenda mkoa fulani kufanya kambi ya wiki moja. Safari hii zamu ilikuwa yetu. Alikuwa na maelezo ya tangazo kwa Kiingereza, akataka kujua kama kuna mtu wa kuyaweka kwa Kiswahili. Nilisema naweza kabla hajamaliza kuuliza.

Pembeni ya karatasi yake alikuwa ameandika kwa kalamu: upasuaji wa kurekebisha maumbile na makovu. Niliyaona maneno hayo, sitasema sikuyaona. Nilihangaika nayo siku tatu. Kila nikiyapanga kwa herufi kubwa yanavunjika mistari miwili, na mstari wa pili unabaki na neno moja tu, makovu, limekaa peke yake katikati ya karatasi. Sikuweza kulitazama. Nikalitafuta neno lake la Kiingereza kwenye kamusi, nikapata plastiki. Likaenea. Katibu alikuwa na haraka ya kwenda hospitalini kukagua chumba cha upasuaji. Alilipitia tangazo amesimama, akasema limependeza. Nililala nimefurahi usiku ule.

Matangazo yalibandikwa kwenye zahanati na vigango, kwenye mbao za matangazo za kata ya Mollo na ya Malangali ninakoishi, na mengine yalipanda gari la samaki linalorudi Wampembe.

Huku kwetu, miezi ya katikati ya mwaka, watu huamka wakaota moto na huota moto kabla ya kulala. Wengi wenye makovu waliyapatia hapohapo jikoni, khanga au shuka ikishika cheche. Kwa hiyo watu walipolisoma tangazo langu hawakuuliza kama upasuaji unauma. Waliuliza mtu mwenye plastiki mwilini ataotaje moto.

Mara ya kwanza nililisikia swali hilo kwenye kijiwe cha bodaboda nje ya duka, na lilikuja kama mzaha. Mmoja alisema ndugu yake ameahidiwa pua ya ndoo. Mzee mmoja aliyekuja kutoa nakala ya hati yake alinisomea tangazo lote kwa sauti, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Serikali imekataza mifuko ya plastiki. Iliyobaki ndiyo mnakuja kutushonea sisi?"

Vijana wakacheka, na tangu siku hiyo wakaniita Plastiki. Plastiki, mambo? Plastiki, kaa mbali na jiko. Nilicheka nao, lakini moyoni niliwaona wajinga. Nilikuwa nimelitafuta lile neno kwenye kamusi. Lilikuwa sahihi.

Kambi ilipoanza katibu aliniomba nikae mezani kwenye geti la hospitali, niandikishe wanaofika. Siku ya kwanza alikuja mama mmoja wa zile familia za wafugaji waliohamia kutoka kaskazini-magharibi, wanaoishi pembeni ya Mollo. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na binti yake wa miaka kama minane. Kovu lilikuwa limeuvuta mkono wa kulia wa binti mpaka kiwiko kikajikunja chote, ngumi imebaki begani, kama mtu aliyebeba kitu ambacho hatakiwi kukishusha. Mkono wa kushoto ulishika blanketi dogo. Mtu fulani getini alikuwa amemsomea mama lile tangazo.

"Kaka, samahani," akasema. "Hiyo plastiki mnaiweka ndani au juu?"

Nilipaswa kusema haipo. Maneno mawili tu: plastiki haipo. Ukweli wote ulikuwa huo: daktari angelilegeza kovu, akachukua ngozi ya paja la mtoto mwenyewe, akaiziba sehemu iliyobaki wazi. Katibu alikuwa amenieleza hayo asubuhi ileile. Badala yake nilimweleza mama kwamba neno plastiki linatoka kwenye Kigiriki, na maana yake ya asili ni kufinyanga. Nilisema polepole, nikitabasamu, jinsi nilivyoona watu waliosoma wakifanya.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na baridi hii, si atakuwa anaota moto?"

"Mama, hujanielewa. Ingieni tu, madaktari wanajua."

Alimtazama binti yake, akamfunga blanketi vizuri mabegani, akasema asante. Wakaondoka mezani, nikadhani wanatafuta choo. Saa nzima baadaye niliinua kichwa kutoka kwenye daftari, hawakuwapo.

Walifika watu wachache sana wiki ile. Madaktari waliokuja wamejiandaa kusimama kutwa nzima walikuwa wanakunywa chai saa nne asubuhi, wamekaa kwenye benchi la wagonjwa. Siku ya mwisho katibu alinipa nichape ripoti ya chama. Picha za kila mgonjwa kabla na baada, fomu za ridhaa, yote yalikuwa na mahali pake. Kulikuwa na kipengele kimoja kilichouliza kwa nini wagonjwa walikuwa wachache. Aliniambia nikijaze mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji.

Kufikia hapo nilikuwa najua. Kutwa ile getini watu watatu walikuwa wameniuliza kuhusu moto. Niliandika: Mwamko mdogo wa wananchi. Lilikuwa jibu ambalo kila mtu hulikubali bila kuuliza zaidi, na liliingia kwenye mstari mmoja. Katibu akasaini.

Mama yule alirudi mwenyewe na binti yake, miezi kadhaa baadaye, mahindi yakiwa yameshavunwa. Aliulizia mpaka akafika dukani. Alikuwa amemwona mtoto wa jirani yangu pale Malangali, aliyefanyiwa upasuaji wa shingo kwenye kambi, akiota moto baridi yote na hakuna kilichoyeyuka. Hakuja kulaumu. Alitaka kujua lini madaktari watarudi.

Nilimpigia katibu hapohapo, mama akiwa amesimama mbele ya kaunta na binti akiangalia printa inavyotema karatasi. Katibu alisema mpango wa mikoa umeshaandaliwa, unasubiri kupitishwa na mkutano mkuu wa chama, na mkoa wetu umewekwa mwishoni. Madaktari ni wachache, ruhusa ni chache.

"Tunapeleka nguvu pale watu wanapojitokeza, mdogo wangu. Uliandika mwenyewe kwamba kwenu mwamko ni mdogo."

Mama aliniuliza amesemaje. Nilisema watarudi, bado hawajajua lini.

Niliamua kumwandikia katibu barua ya kukiri kila kitu: tangazo, getini, ripoti. Nilitaka iwe barua ambayo hakuna mtu angeweza kuisoma akaona dosari. Nilianza baada ya mavuno. Mvua zilipoanza bado nilikuwa naisahihisha. Kila rasimu ilikuwa na aya moja iliyonifanya nionekane mbaya kuliko nilivyotaka, au mzuri kuliko nilivyostahili, nikaanza tena. Binti alikuwa anakua, na mkono wake unakua ukiwa umekunjwa, nami nilikuwa nahamisha koma. Nilipoituma hatimaye, katibu alijibu siku hiyohiyo kwa ujumbe mfupi wa simu.

"Ungenipigia tu."

Mkutano mkuu hukaa mara moja kwa mwaka, na ulikuwa umekaa wiki mbili kabla. Ilibidi tusubiri unaofuata. Ndipo katibu akasimama mbele ya wenzake akaomba ripoti yetu isahihishwe. Hakusema ni nani aliyeandika kile kipengele. Alisema yeye alisaini bila kuuliza. Aliniambia hayo baadaye, bila hasira, na nilitamani angekuwa na hasira.

Baada ya mwaka mwingine wakaja. Mama na binti walikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nilikwenda Mollo kwa pikipiki siku mbili kabla kuhakikisha. Binti alikuwa amerefuka, amekuwa na aibu, amejitanda khanga hadi begani kuuficha mkono. Daktari wa zamu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mikono ya taratibu. Alikaa naye muda mrefu. Alijaribu kukinyoosha kiwiko, akaishia pale kilipokataa. Akapiga picha ya chama, akaagiza na picha ya mionzi, akarudi, akajaribu tena. Kisha akamweleza mama, kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba ngozi inaweza kulegezwa lakini sasa kiungo chenyewe kimeganda, na mishipa imekuwa mifupi. Si kazi ya kambi ya wiki moja. Inataka hospitali kubwa, upasuaji zaidi ya mmoja, na mazoezi ya miezi mingi, na hata hivyo mkono hautanyooka wote.

Niliuliza ambacho hakuna mtu alinituma kuuliza. Nilitaka kujua ingekuwaje kama wangekuja kambi ile ya kwanza.

Daktari alivua glavu kabla ya kujibu. "Ingekuwa rahisi zaidi. Kiungo cha mtoto huganda haraka akiwa anakua."

Mama alipewa barua ya rufaa. Aliikunja akaitia kwenye kifuko cha nailoni alichohifadhia kadi ya kliniki. Alikuwa na watoto wengine wanne nyumbani, na ng'ombe, na mume ambaye alishasema kwamba miezi mingi mjini haiwezekani. Sikuhitaji kuuliza kama wataenda. Hata yeye hakujifanya kwamba wataenda.

Nilimfuata nje, kwenye ukuta wa jua ambako ndugu za wagonjwa hukaa kupata joto. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nikayasahau yote. Nikamwambia ni mimi niliyeandika neno plastiki kwenye karatasi ile, kwamba nilikuwa nimepewa neno jingine na sikulitaka, na kwamba ni mimi niliyeandika kuwa watu wa huku hawana mwamko. Nilisema ndiyo maana aliondoka siku ile.

Alikichomeka kifuko cha nailoni kwenye pindo la khanga.

"Karatasi mimi sijui kusoma," akasema. "Nilikuja na nikaona watu wameingia, nikasema nitauliza. Nikakuuliza wewe. Ukanijibu kama mwalimu anayemcheka mtoto. Nikasema, kama huyu wa getini yuko hivi, huko ndani wakoje?"

Binti alikuwa amekaa kwenye jiwe, anachora chini kwa kijiti kwa mkono wa kushoto. Mama akamwita, akamfunga khanga, akaniaga vizuri kabisa, kama anavyoagwa mtu yeyote.

Barua ya rufaa bado anayo. Niliiona mwaka huu nilipopita kwao, kwenye kifuko kilekile, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Nilijitolea kuichapa upya akakubali, nikaichapa bila kubadilisha kitu. Mume hajabadili mawazo. Katibu ameandika hospitali mbili kuomba nafasi, na zote zimejibu kwamba mgonjwa afike mwenyewe.

Vijana wa kijiweni bado wananiita Plastiki. Tangazo la chama sasa lina mistari miwili juu, na neno makovu limebaki peke yake kwenye mstari wa pili. Kabla sijachapa ninamsomea mama anayeuza karanga nje ya duka, na akiuliza kitu ninabadilisha sentensi, simwelezi. Getini anakaa muuguzi. Binti yuko darasa la tano, anaandika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia uko begani kama ulivyokuwa.