Kila Alhamisi, Skrini Nyeusi

Nusaiba Khatib wa Gando haamini kitu mpaka akijaribu mwenyewe, na akishajaribu hujaribu tena. Akinunua chumvi huionja hapo hapo dukani, mwenye duka akimtazama. Akiambiwa waya ni mpya huugeuza huku na huku, akavichungulia vichwa vyake kwenye mwanga. Jirani zake humcheka kwa hilo. Lakini simu ya mtu ikigoma kuwaka, au televisheni ikiwa na sauti bila picha, mlango unaogongwa ni wake, maana mtu anayeshuku kila kitu hupata ubovu ambao wengine wameupita.

Kazi yake ni kutengeneza kadi za harusi. Hupanga maua na majina kwenye kompyuta, kisha huzipeleka Wete kuchapishwa. Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Ofisi moja ya mjini ilikuwa ikitupa vyombo vyake vibovu, naye akaomba apewe. Alipoiwasha alikuta imejaa virusi, haiendi mbele wala nyuma, akafuta kila kilichokuwamo na kuweka Linux, mfumo wa bure ambao mtu anaruhusiwa kuufungua, kuuchungulia ndani na kuutengeneza kwa mkono wake. Hilo la kuchungulia ndilo lililomteka. Alipata hatimaye kitu kisichomficha neno. Tangu hapo amekuwa akijifundisha peke yake, leo anaharibu sauti, kesho anairudisha, na furaha yake ni ile saa anapoligundua kosa lilikojificha.

Peke yake, ila kwa Asma. Asma ni binti wa Mzee Nyange, ambaye wazee wake walikuja kutoka bara kuchuma karafuu wakabaki. Familia hiyo imezaa na kuzika Gando, inasali msikiti mmoja na wengine, na bado mtu akitaka kuwatambulisha husema "wale wa bara". Asma alikuja siku moja kuulizia kadi ya harusi ya dada yake, akamkuta Nusaiba anaandika amri kwenye dirisha jeusi, akasimama nyuma yake bila kusema mpaka kazi ikaisha. Kisha akauliza swali moja tu, nalo lilikuwa ndilo lenyewe. Katika kijiji kizima hakuna mwengine ambaye Nusaiba angeweza kumwambia kwamba kiendeshi cha kadi ya picha kimekataa, yaani ile programu inayoiongoza kompyuta kuchora kwenye skrini, naye akaelewa kwa nini hilo linauma. Nusaiba, asiyemwamini mtu, alimfungulia Asma jina lake mwenyewe kwenye mashine na neno lake la siri, awe anaingia hata kwa simu akiwa kwao.

Alhamisi jioni, chuo cha Kurani kikiwa kimefungwa, wasichana wa mtaani huja kwa Nusaiba kucheza gemu ya mbio za magari. Hucheza wawili wawili, waliobaki wakishangilia viganja vikiwa vinywani ili wasimkere Bi Mwanakhamis, mama yake Nusaiba. Bi Mwanakhamis naye hushughulika na chumba kabla hawajafika. Nusaiba akiwa anasali alasiri, mama hufagia, hufukiza udi kama nyumba zote za Gando zinavyofukizwa siku hiyo, na huinyoosha vizuri nguo ya meza, ile ndefu iliyotariziwa, inayoteremka mpaka chini na kulificha sanduku la kompyuta.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Alhamisi moja, mbio zikiwa zimenoga, picha ikaanza kukatika vipande, mistari ikapita kwenye skrini, feni ikanguruma, kisha kila kitu kikawa cheusi. Nusaiba akaiwasha tena, ikazima tena. Wasichana wakaenda zao. Kesho yake, Ijumaa, aliijaribu kwa gemu ile ile asubuhi nzima, ikacheza kama mpya.

Kwanza aliushuku umeme, ambao jioni hushuka. Akaazima kifaa cha kutuliza umeme, na Alhamisi skrini ikawa nyeusi. Akaishuku kebo, akaibadilisha. Akaishuku skrini yenyewe, akaunganisha televisheni ya jirani yake Khairiya, nayo ikawa nyeusi vile vile. Akakishuku kiendeshi, akakirudisha kile cha zamani kilichokuwa kikifanya kazi bila ya lawama. Kila alichokibadilisha kilipita mtihani wa Ijumaa na kuanguka mtihani wa Alhamisi.

Basi akili yake ikageuka. Kitu kibovu, aliwaza, kingekuwa kibovu kila siku. Hiki kinaharibika wanapokuja watu na kupona wanapoondoka. Hakiharibiki, kinaharibiwa.

Akaanza kuwatazama wasichana mikono yao, nani kaegemea wapi, nani kasogeza mguu karibu na waya. Hakuona kitu. Ndipo alipoiuliza mashine yenyewe ni nani walioingia humo siku hizo, ikamjibu jina moja. Asma alikuwa akiingia kwa simu Alhamisi baada ya alasiri, kabla hajafika mwenyewe, na alikuwa hajamwambia.

Nusaiba alikaa na jambo hilo moyoni kama mwiba. Akamuuliza Asma kwa mbali, akijifanya hajali, kama siku hizi huwa anaingia kwenye mashine akiwa kwao. Asma akakubali kwamba huingia.

"Unafanya nini?"

"Naangalia tu."

"Unaangalia nini, shoga?"

"Joto," akasema Asma. Kisha akautupia jicho mlango wa ukumbini, ambako Bi Mwanakhamis alikuwa akichambua mchele, akainamisha uso na kunyamaza.

Nusaiba aliukamata ukimya huo kama mtu aliyemkamata mwizi mkono. Kwa nini anyamaze asiye na lake? Akakumbuka kwamba Asma ndiye aliyewahi kusema gemu zinaichosha mashine hii. Akakumbuka kwamba anatamani kuwa na yake. Mambo aliyokuwa hayajali yakaanza kujipanga yenyewe, na likaingia humo na neno ambalo hakulikaribisha wala hakulifukuza, kwamba hata hivyo, wale ni wa bara. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba akimwondoa Asma hatakuwa na mtu wa kuongea naye. Lakini kubaki na mtu anayekuharibia kwa siri aliona ni vibaya zaidi.

Alhamisi iliyofuata skrini ilizima mbele ya watu wote. Msichana mmoja, Yumna, hodari wa mzaha, akasema, "Kompyuta yenu imetuchoka, dada Nusaiba. Ikituona tu inafumba macho." Wasichana wakacheka. Nusaiba hakucheka. Asma alikuwa amekwisha kuinama karibu na meza, mkono wake unaelekea kwenye ile nguo iliyotariziwa, naye Nusaiba akaona kwamba huo ndio ushahidi.

"Asma, toa mkono wako hapo," akasema. "Na kuanzia leo usiingie tena kwenye mashine yangu. Mlango nilikufungulia miye, na miye naufunga."

Asma alisimama, akamtazama, akafungua mdomo. Kisha macho yake yakamwendea Bi Mwanakhamis, aliyekuwa amesimama mlangoni, na mdomo ukafumba. Akavaa buibui lake na kuondoka. Jioni hiyo hiyo Nusaiba alilifuta jina lake kwenye mashine.

Wiki nzima ilikuwa ndefu. Alitengeneza kadi mbili zikamtoka mbaya, maua yamebanana na majina. Lilipotokea kosa dogo kwenye sauti aliligundua mwenyewe, akageuka nyuma kusema, hakuna mtu.

Alhamisi ikafika tena, na wasichana wakaja. Safari hii Nusaiba alikuwa ameweka pembeni mwa skrini kijinamba kidogo kinachoonesha joto la kadi ya picha. Alifanya hivyo kwa ukaidi, kwa kuwa neno "joto" lilikuwa halijamtoka kichwani. Kijinamba kilikuwa juu tangu mwanzo, kabla mtu hajagusa gemu. Mbio zilipoanza kikapanda mfululizo. Picha ikakatika, mistari ikapita, feni ikanguruma, skrini ikawa nyeusi. Asma alikuwa kwao, jina lake halimo tena kwenye mashine, na hakuna wa kulaumiwa.

Yumna alisema neno la mzaha, lakini Nusaiba hakulisikia. Alipiga magoti, akaifunua nguo ya meza, akapeleka mkono nyuma ya sanduku, pale panapotokea hewa ya moto. Mkono haukukuta hewa. Ulikuta kitambaa. Akakivuta. Ilikuwa kanga ya mama yake, imekunjwa vizuri mara nyingi na kushindiliwa katikati ya sanduku na ukuta, moto kama iliyotoka kupigwa pasi, inanukia udi. Chini yake, sakafuni, palikuwa na jivu kidogo, na alama ya mviringo ya chetezo cha udi.

Harufu ile alikuwa akiinusa kila Alhamisi, kama watu wote. Kwa hivyo hakuinusa hata siku moja.

Wasichana walipoondoka alimwendea mama yake na kanga mkononi. Bi Mwanakhamis hakukataa. Alieleza kwa utulivu kwamba kitu cha thamani hakiachwi wazi mbele za macho ya watu. Kwamba Alhamisi nyumba hujaa macho. Kwamba yeye hukifukiza kile chombo kama zinavyofukizwa nguo, akakifunika kwa kanga ili moshi ukae na jicho lisipenye, na watu wakishatawanyika huiondoa. Alikuwa akifanya hivyo tangu wasichana walipozidi kuwa wengi. Na kila kilipozima ndivyo alivyozidi kuikunja kanga iwe nene.

"Mama, kinakosa pumzi. Kinapumua kwa huku nyuma."

"Mwanangu, weye unajua cha ndani. Miye najua watu."

"Watu gani?"

Bi Mwanakhamis akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mwengine. "Huyo wa kwa Nyange. Macho yake hayatui. Anakitazama chombo chako kama chakula. Nami aliniona siku moja naikunja kanga, nikamwambia wazi, hii ni kwa ajili ya macho ya watu. Alielewa."

Nusaiba alikaa kitako. Maneno ya mama yake hayakuwa mageni kwake. Yalikuwa yake mwenyewe, aliyokuwa ameyapanga wiki zote zile kichwani, kwa sauti nyengine. Mmoja alisema jicho, mwengine alisema neno la siri, na wote wawili walikuwa wamemnyooshea kidole mtu yule yule.

Ijumaa baada ya sala alikwenda kwa Mzee Nyange. Asma alikuwa uani anaanua karafuu, akampa mkeka akae, akamuuliza hali ya mama, kama anavyoulizwa mgeni. Nusaiba alijaribu kulizunguka jambo, akashindwa, akaitoa kanga kwenye mkoba na kuiweka katikati yao. Asma aliitazama bila kushangaa.

"Ulijua," akasema Nusaiba.

"Nilishuku. Ndiyo nikawa naingia kuangalia joto, nipate hakika."

"Kwa nini hukunambia?"

Asma aliendelea kukusanya karafuu kwa viganja. "Ningekwambia mamaako anaiua kompyuta yako? Miye?" Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na raha. "Siku ile nilitaka kuitoa kimya kimya. Lakini mtu akinikuta naivua kinga ya nyumba yenu, si ndiyo nimehakikisha wanayoyasema juu yetu? Ukanikuta weye."

Nusaiba aliomba radhi. Aliomba vizuri, bila kumsingizia shetani wala umeme. Akasema amekwisha kumfungulia tena jina lake. Asma akajibu kwamba amesikia, na kwamba karafuu zikikauka atatazama.

Alhamisi hakuja. Ya pili akaja, amechelewa, wasichana wameshakaa. Bi Mwanakhamis na binti yake walikuwa wamekwisha kukubaliana, baada ya maneno mengi: sanduku limetolewa chini ya meza na kuwekwa wazi, na udi hauendi tena kwenye mashine, unakwenda kwa wenye macho. Mama alisimama mlangoni na chetezo akimfukiza kila anayeingia. Ilipofika zamu ya Asma mkono ulisita. Asma akakipokea chetezo kwa adabu, akajifukiza mwenyewe, mtandio, mikono, mpaka usoni, akakirudisha.

"Ahsante, Bi."

Bi Mwanakhamis akaitikia, akaenda zake.

Nusaiba akamsogezea Asma kiti mbele ya skrini. Asma hakukikalia. Alikaa pembeni, akasema, "Anza weye. Niko hapa nakuona, nawe unione."

Mbio zikaanza. Kijinamba cha joto kikapanda kidogo, kikatulia. Yumna akatangulia, akapinduka, akatangulia tena, wenziwe wamejiziba vinywa kwa vicheko, na skrini ikawaka mpaka mstari wa mwisho. Nusaiba alikuwa amekaza macho kwenye kijinamba. Kilipokuwa hakina tena la kumwambia, macho yakamponyoka, yakaenda bila ruhusa yake kwenye mikono ya Asma.

Asma aliyaona. Aliinua mikono yake yote miwili, akaiweka juu ya meza, viganja wazi, akaendelea kutazama mbio.